Dirisha la kuslaidi kwenye kempa ya zamani: linagoma, linavuja, linagonga

Kempa za zamani, yaani magari yenye kitanda na jiko ndani, zinazozunguka Dar es Salaam hazina ukoo mmoja. Zipo Volkswagen Kombi zilizobaki mikononi mwa familia, zipo Land Rover Series zilizowekewa kitanda na jiko, yapo magari ya kulala ya Ulaya na Marekani yaliyokuja na wasafiri wa barabara ndefu yakauzwa hapahapa mjini, na zipo Coaster na Hiace zilizostaafu udaladala zikageuzwa nyumba ya safari. Injini tofauti, bodi tofauti, lakini malalamiko kuhusu madirisha ni yaleyale: halisogei, linaingiza maji, linagonga barabarani, loki haishiki. Mwongozo huu umepangwa kwa dalili hizo, na chini ya kila dalili sababu zinaanzia ile inayokutwa mara nyingi zaidi.

Jambo moja lieleweke kwanza. Dirisha la kuslaidi halikuundwa kuzuia kila tone. Mvua inapopiga, maji hushuka na kioo, huingia kwenye reli ya chini, hukusanyika humo, kisha hutoka nje kupitia vitundu vidogo vilivyotobolewa upande wa nje wa fremu. Hiyo ndiyo kazi yake ya kawaida. Vitundu vikiziba, maji hayana pa kwenda ila ndani: kwenye mbao, kwenye godoro, kwenye nyaya. Kwa hiyo fundi akikuambia, "Bosi, hapa tupige silikoni kote tumalize," mzuie mkono. Akiziba vitundu hivyo ameyafungia maji ndani ya reli, na utakuja kuyaona yakitokea ukutani.

Mji wetu nao unachangia. Gari linalolala Kigamboni, Msasani au Kunduchi hupokea hewa ya chumvi usiku na mchana, na chumvi ikipata unyevu huanza kula pale chuma kinapogusana na alumini. Masika ya Machi hadi Mei yanakuta reli zimejaa vumbi la miezi ya jua. Ukiweza, kazi ya madirisha ifanye Januari na Februari, au baada ya masika kuanzia Juni, wakati gundi na mbao vinapata muda wa kukauka sawasawa.

Jua kwanza dirisha lako ni la aina gani

Kabla ya kushika bisibisi, tazama dirisha limeshikwaje kwenye bodi. Kempa nyingi za Marekani na baadhi ya za Ulaya zina fremu ya alumini inayoingia kwenye tundu la ukuta kutoka nje, ikabanwa kwa skrubu au kwa pete ya ndani. Kombi na mabasi madogo mengi yana dirisha zima lililovalishwa mpira mnene unaong'ata bati la bodi. Land Rover Series, zile zilizotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1985, zina vioo viwili kwenye kipande cha juu cha mlango, vinavyopishana ndani ya mifereji yenye manyoya. Kila aina ina njia yake ya kufunguliwa, na kuchanganya njia hizo ndiko kunakovunja vioo.

Kisha jua kioo chenyewe. Gonga kwa ukucha. Kioo halisi hulia na ni cha baridi mkononi. Akriliki, ile plastiki angavu ya kempa nyingi za Ulaya, hutoa sauti butu na si baridi. Kama ni kioo halisi, tafuta mhuri mdogo kwenye kona. Madirisha ya pembeni ya magari kwa kawaida ni kioo kilichochomwa kikawa kigumu, kile kinachosambaratika punje punje kikivunjika. Kioo hicho hakikatwi, hakitobolewi, hakisagwi ukingo. Kinavumilia kofi katikati, lakini pigo dogo la chuma kwenye ukingo linakimaliza. Vaa miwani na glavu nene muda wote unapokishughulikia.

Dalili ya kwanza: dirisha ni zito, au limegoma kabisa

Usilazimishe. Mkono ukivuta kwa nguvu upande mmoja, kioo hujikingama ndani ya reli na kukwama zaidi, na kishikio kilichobandikwa kwa gundi hung'oka.

Sababu inayoongoza ni uchafu wa reli ya chini: vumbi, mchanga wa ufukweni, chumvi, mabawa ya wadudu, na juu yake grisi ambayo mtu aliipaka akidhani anasaidia. Grisi na mafuta ya injini hukamata vumbi na kulifanya udongo mgumu, na mafuta ya petroli huvimbisha aina nyingi za mpira. Fyonza au pulizia uchafu mkavu kwanza, maana ukianza na maji unatengeneza tope. Fuata kwa mswaki wa zamani na maji ya uvuguvugu yenye sabuni, mpaka kwenye kona. Zibua vitundu vya kutolea maji kwa waya mwembamba wa shaba. Wa chuma hukwangua rangi ya fremu na kuacha njia ya kutu. Mimina kikombe cha maji kwenye reli uone yanatokea nje haraka kiasi gani. Yakisimama, rudia. Reli ikishakauka, pulizia mafuta makavu ya silikoni. Ukikosa, sugua mshumaa mweupe juu ya alumini. Unateleza vizuri na haukamati mchanga kama grisi.

Sukuma kioo kwa mikono miwili, kiganja kimoja juu na kingine chini, kitembee sambamba. Madirisha mengi yanapona hapa.

Kama bado, shuku manyoya. Mfereji kinamotembea kioo una utando wa manyoya, na ndani ya aina nyingi za mifereji hiyo kuna kiini cha bati jembamba. Bati likipata kutu linavimba, na kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Mfereji unajibana na kukishika kioo kama koleo. Utaitambua hali hii kwa unga wa kahawia kwenye kona za chini na kwa manyoya yaliyoinuka mafungu mafungu. Land Rover zinaongoza kwa ugonjwa huu, na Kombi haziko mbali nyuma yake. Hapa mafuta ya kupulizia yatakupa nafuu ya siku chache tu. Dawa ni kubadilisha mfereji.

Kuubadilisha ni kazi ya uvumilivu, si ya nguvu. Loweka kutu kwa mafuta ya kulegeza, uyaache yalale usiku kucha. Toa skrubu za mfereji. Ile iliyokufa, itoboe kichwa kwa dirili taratibu huku kipande cha ubao mwembamba kikikinga kioo. Anza na mfereji wa juu au wa pembeni ili kioo kipate pa kuegemea, na awepo mtu wa pili wa kukishika, kwa sababu kioo huanguka dakika ile tu kila mtu anapoangalia skrubu. Kwangua kutu iliyobaki kwenye bodi, paka dawa ya kutu, kisha rangi ya kwanza, uache ikauke.

Mfereji mpya huuzwa kwa mita kwenye maduka ya spea ya Gerezani. Nenda na kipande cha zamani mkononi, hata kama kimeoza. Pima upana wa nje, upana wa ndani na unene wa kioo. Tofauti ya milimita moja inatosha kukurudisha ulikotoka. Kama dirisha lako linatumia ufito wa brashi badala ya mfereji, maduka ya alumini za nyumba wanao kwa rola. Pima upana wa kitako cha brashi na urefu wa nywele zake. Hili ni jambo ambalo wenye kempa wengi hawalifikirii: fundi anayetengeneza madirisha ya kuslaidi ya nyumba pale Buguruni ana brashi, mpira na vigurudumu vinavyofaa dirisha la Coaster kuliko vingi vinavyouzwa kwa jina la gari.

Jambo linalosahaulika kuliko yote: mfereji mpya unakuja bila matundu. Utoboe pale pale palipo na vitundu vya fremu, uache na nafasi ndogo kwenye ncha zake. Bandika kwa gundi ya mpira kwa madoa machache, usipake mstari mzima, ili maji yapite chini yake.

Sababu ya tatu ni unga mweupe mgumu kwenye reli ya alumini. Huo ni alumini iliyoliwa na chumvi, na mara nyingi umeanzia kwenye skrubu ya chuma ambayo mtu aliirudishia badala ya ile ya asili. Sugua kwa siki iliyochanganywa na maji, kisha msasa wa maji namba 400, suuza, kausha. Usitumie dawa kali ya kuzibua mabomba. Inakula alumini yenyewe. Ukirudisha skrubu, chagua za chuma kisichoshika kutu na uzipake grisi kidogo kwenye nyuzi zake ili metali hizo mbili zisigusane uchi.

Nne, gundi. Kuna wamiliki waliochoka na mvua wakafunga dirisha moja kwa moja kwa silikoni. Kata kwa wembe mwembamba ulioloweshwa maji ya sabuni, kidogo kidogo, au pitisha uzi wa kuvulia samaki kati ya kioo na fremu na uuvute kama msumeno. Usitumie bisibisi kuchokonoa ukingo wa kioo.

Ya mwisho, isiyo ya kawaida lakini nzito: fremu imepinda. Pima kona hadi kona kwa kuvuka, pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana zaidi ya milimita tatu hivi kwenye dirisha la mstatili, ama gari liligongwa, ama paa limeshuka kwa uzito wa hema au tangi la maji lililowekwa juu. Simama hapo. Ukinyoosha fremu bila kunyoosha bodi, kioo kitapasuka safari ya kwanza kwenye njia mbovu. Hiyo ni kazi ya fundi bodi.

Onyo lingine, na hili nalisema kwa uzito wote: kempa yenye jiko la gesi na madirisha yaliyogoma isilaliwe wala kupikiwa ndani. Moto wa gesi unakula hewa na unaweza kutoa hewa ya sumu isiyo na harufu. Na gari likishika moto, dirisha ni mlango wa pili. Kama huwezi kuyatengeneza yote leo, anza na lile lililo karibu na jiko na lile lililo karibu na kitanda.

Dalili ya pili: maji yanaingia

Maji yanapoonekana sipo yanapoingilia. Yanaweza kupenya juu ya dirisha, yakasafiri ndani ya ukuta, yakadondoka kwenye kona ya chini ya dirisha linalofuata. Ndiyo maana kupaka silikoni pale unapoona unyevu ni kazi bure.

Fanya kipimo hiki kabla ya kununua chochote. Toa pazia, futa pawe pakavu kabisa, kisha zungushia karatasi laini ya chooni kwenye mzunguko wote wa fremu kwa ndani. Mtu mmoja akae ndani na tochi. Mwingine awe nje na mpira wa maji, bila presha, aanze chini kabisa ya dirisha. Maji yatiririke hapo dakika tano. Kisha apande hadi usawa wa katikati, kisha juu ya fremu, kisha mwisho kabisa kwenye mfereji wa paa. Karatasi itakuonyesha doa la kwanza, na hatua mliyofikia itakuambia maji yalikotoka. Ukianzia juu, kila kitu kitalowa pamoja na hutajua kitu. Usitumie mashine ya presha ya kuoshea magari. Inapenyeza maji hata kwenye mpira mzima.

Karatasi ikilowa maji yakiwa bado chini, tatizo ni vitundu vilivyoziba au gari limeegeshwa limeinamia upande wa ndani wa dirisha. Hili la kuegesha halina gharama: angalia kwanza. Kwenye baadhi ya madirisha vitundu vina kifuniko kidogo cha plastiki kwa nje ili upepo usirudishe maji ndani. Kikivunjika, mvua ya upepo mkali huingia kwa nyuma. Kifuniko kinaweza kuchongwa kutoka kwenye plastiki yoyote nyembamba, mdomo wake ukielekea chini au nyuma ya gari.

Ikilowa katikati, shuku brashi na mpira pale vioo viwili vinapopishana. Weka kipande cha karatasi kati ya mpira na kioo, funga dirisha, kisha ivute. Ikitoka bila ukinzani wowote, mpira umesinyaa au brashi imelala. Mpira wa zamani hupungua urefu. Utaona pengo kwenye kona, ambako zamani ncha mbili zilikutana. Usiuvute kuziba pengo, utarudi mahali pake ndani ya wiki. Nunua mpya, ukate mrefu kidogo kuliko kipimo, uusukume uingie kwa kubanana.

Ikilowa maji yalipofika juu ya fremu, muhuri kati ya fremu na bodi umekufa. Hapa dirisha lazima litoke, hakuna njia ya mkato. Kwa fremu ya skrubu, mtu mmoja akae nje akiwa ameshika fremu kwa viganja viwili, wa ndani atoe skrubu akiziacha mbili za juu mpaka mwisho. Kata muhuri wa zamani kwa kisu chembamba, usukume dirisha kutoka ndani polepole. Safisha mabaki yote mpaka uone bati tupu. Kisha tumia ufito wa butili, ule unaonata na usiokauka. Mafundi wa paa wanautumia kwenye maungio ya mabati. Zungusha mfululizo, maungio ya ncha yawe upande wa chini wa fremu, si wa juu. Funga skrubu kwa kukingama, moja huku na nyingine upande wa pili, hadi butili ianze kuchungulia pembeni. Usikaze mpaka mwisho siku hiyo. Iache ipigwe na jua siku moja au mbili, kisha rudi ukaze kidogo tena na ukate kilichojitokeza.

Kwa nini si silikoni? Kwa sababu inaacha utando ambao rangi haishiki tena, haishikani na silikoni mpya ukirudia, na huficha mahali panapovuja. Gundi ya kubandikia vioo vya mbele vya magari nayo si ya hapa: inashika mno, na dirisha utakalotaka kulitoa tena baada ya miaka mitano litatoka na bati. Silikoni ina kazi yake kwenye sinki na kwenye kioo cha nyumba. Kwenye fremu ya kempa iache.

Kwa Kombi, Hiace na mengine yenye dirisha lililovalishwa mpira, mpira ukiwa mgumu na wenye nyufa, ubadilishe. Mpya uuanike juani nusu saa ulainike. Uvalishe kwenye dirisha, kisha pitisha kamba ya nailoni ya milimita tano kwenye mfereji wa nje wa mpira, ncha zipishane katikati chini. Lowesha kwa maji ya sabuni. Mmoja abonyeze kutoka nje kwa viganja, mwingine avute kamba kutoka ndani, na mdomo wa mpira utajipindua juu ya bati kadiri kamba inavyotoka. Kabla ya yote chunguza ukingo wa bati lenyewe. Kama umeliwa na kutu mpaka una meno, mpira mpya hautashika kitu, na kazi imekuwa ya fundi bodi na fundi welda.

Ikilowa mwisho kabisa, maji yalipofika paani, basi dirisha halina kosa. Ni maungio ya paa, au tundu la skrubu ya kerea, ile fremu ya mizigo ya juu ya paa. Peleka juhudi zako huko.

Simama, usiendelee, ukikuta mojawapo ya haya: maji yanapita kwenye nyaya, soketi au betri ya ndani, umeme wa inveta au wa kuchomeka nje upo ukuta uleule, au ukibonyeza ukuta chini ya dirisha unazama. Kata umeme wote kwanza. Nyaya ni za fundi umeme wa magari, na ukuta nitauzungumzia chini.

Dalili ya tatu: linagonga na kulia barabarani

Mara nyingi brashi au manyoya yamelika na kioo kinacheza ndani ya reli. Njia ya kujua ni kukandamiza kioo kwa kiganja gari likitembea, mtu mwingine akiendesha. Kelele ikikoma, umepata. Badilisha brashi. Kwa safari iliyo mbele yako kesho, vipande vya mpira laini vilivyochomekwa kati ya vioo viwili vitakufikisha, lakini vitoe ukifika maana vinakamata unyevu na mchanga.

Brashi ikiwa nzima, angalia vigurudumu vya chini kama dirisha linavyo, halafu skrubu za fremu, halafu loki. Kelele ya kukwaruza, tofauti na ya kugonga, ni mchanga: rudi kwenye kusafisha, na usiendelee kulifungua na kulifunga, kwa sababu kila safari ya kioo inachora mstari usiofutika.

Dalili ya nne: loki haishiki

Kabla ya kulaumu loki, hakikisha kioo kinafika mwisho wa reli. Uchafu kwenye kona ya mwisho wa kutosha milimita mbili tu unazuia ulimi kuingia. Kisha angalia kama kipokeo kimelegea au kimesogea. Kilegeze, kipange, kikaze. Ulimi wa plastiki uliokatika hautengenezeki kwa gundi. Loki za madirisha ya alumini za nyumba zinafaa mara nyingi ukilinganisha nafasi ya matundu.

Kama loki au kishikio kimebandikwa kwenye kioo na kimebanduka, kwangua gundi yote ya zamani kwa wembe, futa kwa spiriti kama ni kioo halisi, na ubandike kwa gundi ya epoksi ya sehemu mbili. Acha siku nzima bila kukigusa. Usikubali ushauri wa kutoboa kioo na kupitisha skrubu, nimeshasema kitasambaratika.

Kwa usiku mmoja au miwili, kijiti cha mbao kilichokatwa urefu wa reli na kulazwa nyuma ya kioo kinazuia mwizi kulisukuma. Kiwe rahisi kutolewa kutoka ndani hata gizani.

Dalili ya tano: kioo kimefifia, kina michirizi au ufa

Akriliki inayoonyesha nyufa ndogo ndogo kama utando imechomwa na jua la miaka, au imefutwa kwa petroli, thina, spiriti au dawa ya vioo yenye amonia. Nyufa hizo haziponi. Michubuko ya juujuu ndiyo inayoondoka: msasa wa maji namba 1000, kisha 2000, kisha dawa ya kung'arisha. Kwa usafi wa kawaida, mwagia maji kwanza vumbi liondoke, halafu sabuni na kitambaa cha pamba.

Mafundi wa mabango wanauza na kukata akriliki. Waambie waikate pungufu kwa milimita mbili au tatu kuliko nafasi ya fremu, kwa sababu akriliki ya mita moja hurefuka karibu milimita mbili joto likipanda nyuzi 30, na gari lililoegeshwa juani Dar linafika huko kirahisi. Ikikatwa kamili, itajikunja mchana na kugoma.

Kioo halisi chenye ufa, ama kilichokatika kona, hakitengenezwi. Usikubali kiwekwe kioo cha kawaida cha dirisha la nyumba, hata kama fundi anakikata vizuri na bei inavutia. Kikivunjika kinatoa vipande virefu vyenye ncha, na wewe umelala kichwa chako kikiwa karibu nacho. Kuna njia mbili salama: kioo cha tabaka mbili chenye utando katikati, ambacho kinakatika kwa kipimo, au kioo kigumu kinachoagizwa kwa kipimo kamili, matundu yote yakiwa yametobolewa kabla hakijachomwa. Peleka kielelezo cha ubao mwembamba kilichojaribiwa kwenye fremu, si vipimo vya karatasi peke yake.

Nyavu za mbu zina reli yao, na tatizo lake ni uchafu uleule. Wavu uliochanika ubadilishwe wote; kiraka hukwama kwenye brashi.

Dalili ya sita: fremu inacheza, ukuta ni laini

Kempa nyingi za zamani zina mifupa ya mbao ndani ya bati au alumini. Ukishika fremu na ikasogea pamoja na ukuta, skrubu hazina tena cha kung'ata. Choma ubao kwa ncha ya bisibisi kutoka ndani, chini ya dirisha na kwenye kona. Ukizama kidogo na mbao ni kavu, mwaga epoksi ya kukazia mbao na ubadilishe kipande kifupi. Ukizama kama kwenye mkate, au ukikuta mchwa, au uozo ukivuka upana wa dirisha, usifunge tena. Hapo kazi si ya dirisha. Tafuta seremala anayefanya kazi pamoja na fundi bodi, na mkubaliane kabla kwamba ukuta utafunguliwa mpaka mbao nzima ionekane. Mpige picha kila hatua. Fundi atakayekuambia anaweza kuufunika bila kuufungua, mshukuru na uondoke.

Baada ya matengenezo yoyote ya maji, mbao za kufunika ukuta kwa ndani zisirudishwe mara moja. Rudia kipimo cha karatasi na mpira wa maji, kisha acha ukuta wazi mpaka mvua halisi mbili zenye upepo zipite, moja gari likiwa limeegeshwa na nyingine likiwa barabarani. Ukigusa kwa mkono pakawa pakavu, funga.